Kuzima kinasi au kubaki na vinkristini?

Mtoto wa jirani yangu hapa Ujiji alitibiwa saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya. Uvimbe umekwisha. Lakini akitembea uani, kandambili humchomoka naye huendelea hatua mbili tatu bila habari. Vinkristini, dawa ya saratani iliyosaidia kumponya, ndiyo iliyomletea ganzi hiyo. Wapo wanaotaka mahali pake zitumike dawa zinazozima kinasi, vimeng'enya fulani vya ndani ya seli.

Dawa hiyo huvuruga mikrotubuli. Sisi tunaoishi mwisho wa reli tutaelewa upesi: ni reli za protini ndani ya seli, hutandikwa na kung'olewa kila mara. Seli inapogawanyika, hizo ndizo huvuta kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, huku na huku. Zikivurugika, seli ya saratani hukwama na kufa. Bahati mbaya neva ya mguu nayo husafirisha mahitaji yake juu ya reli hizohizo, kutoka mgongoni hadi kidoleni, karibu mita nzima kwa mtu mzima. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni.

Kinasi ni vimeng'enya vinavyobandika kemikali ya fosfati kwenye protini nyingine, na hivyo kuziamsha au kuzituliza. Kinasi mbili, Aurora A na PLK1, husimamia reli wakati wa mgawanyiko. Kwa kuwa neva haigawanyiki, watetezi wa dawa za kuzima kinasi husema: mzime msimamizi, reli iacheni. Hoja hiyo ina uzito.

Lakini seli za uboho wa mifupa, kiwanda cha damu, hugawanyika usiku na mchana. Alisetibu, dawa inayozima Aurora A, ilishusha seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, na matokeo yake kwa wagonjwa hayakufikia yale ya panya wa maabara, ambao uvimbe wao hugawanyika kwa kasi zaidi. Vinkristini huugusa uboho kidogo tu, hivyo huchanganywa na dawa zinazouumiza. Ukiweka kizima-Aurora mahali pake, mzigo wote unaangukia uboho.

Wengine hutaja imatinibu, dawa nyingine ya kuzima kinasi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ni kweli, imeokoa wengi wenye saratani ya damu ya CML. Ila yenyewe hukata ishara ya BCR-ABL, kinasi iliyoharibika ambayo saratani hiyo huitegemea. Kuziweka dawa zote za kinasi kapu moja nayo ni kosa.

Mgonjwa wa Kalya, kijiji cha ziwani, anayefika mjini kwa boti, seli zake nyeupe zikipungua na homa ikampata usiku, anaweza kufa kabla ya kupimwa damu. Kwa hiyo mimi nabaki na vinkristini, mguu ukiangaliwa mapema ili dozi ipunguzwe. Jirani amefundishwa kipimo chake: mtoto atembee kwa visigino. Jumapili alipiga hatua nne.