Sikio la prodyuza na kile linachokiacha

Wengi wetu tunaosikiliza muziki kwa Kiswahili tumelelewa kuyatanguliza maneno. Taarab ilituzoesha kutega sikio tukisubiri fumbo, na hip hop ilipoingia Dar es Salaam na Nairobi tuliipima kwa kipimo hicho hicho: mchanaji anasema nini, vina vyake vimekaaje, ujumbe upo au haupo. Mdundo ulihesabiwa kuwa msindikizaji wa mwenye maneno. Siku hizi, kwa kuwa kompyuta moja yenye programu ya kutengenezea muziki kama FL Studio inatosha kumpa kijana studio chumbani mwake, umekua usikilizaji wa namna nyingine, wa watu ambao wakiusikia wimbo mpya huuliza kwanza umetengenezwaje: besi imetoka wapi, sauti ile ya nyuma imekatwa kutoka santuri gani, kwa nini mapigo yanayumba. Kati ya makundi haya kuna mabishano ya kweli. La kwanza linasema la pili limeugeuza muziki kuwa maonyesho ya mashine. La pili linasema la kwanza linasikia nusu ya kazi na kuitolea hukumu kazi nzima. Mimi naegemea kundi la pili, lakini naona lina pengo moja kubwa, na pengo hilo linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengine.

Hoja kuu ya wenye sikio la prodyuza ni kwamba katika muziki huu utunzi umo ndani ya sauti yenyewe. Wimbo wa bendi unaweza kuimbwa na mtu mwingine kwa gitaa kavu ukabaki wimbo ule ule, kwa sababu umebebwa na maneno na melodia. Hip hop haikuanza hivyo. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick huko Bronx, New York, DJ Kool Herc alipiga muziki katika sherehe ya dada yake, na mtindo uliompa jina ulikuwa ule wa kutumia nakala mbili za santuri moja ili kipande kifupi ambamo ngoma hubaki peke yake kirudiwe na kurefushwa. Alichokitunga kilikuwa uchaguzi: sekunde zipi, zirudiwe mara ngapi, zifuatwe na zipi. Msikilizaji asiyeusikia uchaguzi huo hana msingi wa kumhukumu mtunzi, kwa kuwa hajakutana na alichokitunga.

Hata kile kinachosikika kama kasoro kina historia yake. Mashine ya SP-1200 ya kampuni ya E-mu, ya kunasia sampuli, yaani vipande vya sauti vinavyochukuliwa kutoka rekodi nyingine, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na nafasi ya kuhifadhi sekunde 10 hivi tu za sauti. Ili kuongeza nafasi, prodyuza waliipiga santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45, wakainasa ikiwa imekimbia, kisha wakaishusha mwendo ndani ya mashine. Njia hiyo, ikijumlishwa na unasaji hafifu wa mashine yenyewe, iliacha mkwaruzo mzito ambao asiyejua atauita rekodi mbovu. Anayejua anausikia uhaba wa nafasi ukigeuzwa kuwa ladha ya kipindi kizima, na kwa maoni yangu ladha hiyo haijapata mrithi mpaka leo.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa James Yancey wa Detroit, aliyejulikana kama J Dilla. Mashine ya kunasia sampuli na kupangia mapigo aliyoitumia sana, Akai MPC3000, ambayo sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi mjini Washington, huigawa kila robo noti, yaani pigo moja la mwendo, katika sehemu 96. Kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, sehemu moja ni takriban milisekunde 7. Mashine za aina hii zina uwezo wa kunyoosha mapigo, yaani kulivuta kila pigo la kidole hadi kwenye mstari wake, na prodyuza wengi waliziachia zifanye hivyo. Husemwa mara nyingi kwamba Dilla aliuzima tu unyooshaji huo na kupiga alivyojisikia, lakini ukisikiliza kwa makini unaukuta mpangilio: mara nyingi matoazi yamenyooka, snea, ile ngoma ya mlio mkali, inatangulia kidogo, na ngoma ya chini inakuja ikiwa imechelewa. Kila chombo kina saa yake, na tofauti hizo za milisekunde chache zinarudi zilivyo katika kila mzunguko. Anayetikisa kichwa anazihisi bila kuzijua. Anayezijua anaelewa pia kwa nini mpiga ngoma wa kundi la The Roots, Questlove, alilazimika kujifunza upya kupiga kwa mikono kitu kilichozaliwa kwenye mashine. Albamu ya Dilla iitwayo Donuts, iliyotoka tarehe 7 Februari 2006, siku tatu kabla ya kifo chake, haina mchanaji aliyealikwa. Ni sampuli zilizokatwa na kupangwa upya. Ukiisikiliza ukitafuta ujumbe wa maneno utatoka mikono mitupu, ilhali ni miongoni mwa kazi zenye hisia nzito kabisa katika muziki huu.

Sikio hilo hilo ndilo linaloonyesha kwamba hip hop na muziki wa elektroniki ni ndugu wa damu. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa na Soulsonic Force walitoa "Planet Rock", wakaichukua melodia ya Kraftwerk, kundi la muziki wa elektroniki la Ujerumani, na kuikalisha juu ya ngoma za Roland TR-808, mashine ya Kijapani iliyouzwa kuanzia mwaka 1980 hadi 1983 na kutengenezwa takriban 12,000 tu. Miaka mitano baadaye, vijana wa kundi la Phuture huko Chicago waliichukua Roland TB-303, iliyobuniwa kumpigia besi mpiga gitaa asiye na bendi, wakavizungusha vitufe vyake wakati ikicheza mpaka ikatoa mlio ambao wabunifu wake hawakuukusudia. Mtindo mzima wa asidi hausi, tawi la muziki wa dansi wa elektroniki, ulianzia hapo.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, kwa kuwa wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Wanasema mtu akishazijua mashine huanza kusikia mashine tu. Anasifu kwamba sampuli imekatwa vipande vidogo vidogo na kupangwa upya, wakati huko ni kusifu kazi iliyofanyika, na kazi ngumu inaweza kuzaa wimbo usio na uhai. Anamdharau aliyezungusha vipigo vinne tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kujiuliza kama vipigo hivyo vinne ndivyo vilivyohitajika. Ugonjwa huu nimeushuhudia katika mazungumzo mengi ya watu wa studio, na sioni sababu ya kuutetea.

Wanasema pia kwamba maneno hutupwa. Hapa nadhani wanaweka mpaka usiokuwepo. Katika "Rebel Without a Pause" ya kundi la hip hop la Public Enemy, ya mwaka 1987, watayarishaji waliojiita Bomb Squad walichukua mlio wa saksafoni kutoka rekodi ya The J.B.'s, kundi lililokuwa likimpigia James Brown, wakaufanya ujirudie bila kupumzika mpaka ukawa king'ora. Chuck D, mchanaji wa kundi hilo, anachana juu ya king'ora hicho kwa sauti ya mtu anayelazimika kukishinda. Ukiyasoma maneno yake kwenye karatasi unapata hoja. Ukisikiliza mlio peke yake unapata kero. Hasira ya wimbo inapatikana pale tu viwili hivyo vinapogombana. Anayesikiliza maneno pekee ameikosa, na anayesikiliza sampuli pekee naye ameikosa.

Pingamizi ninaloliona kuwa zito kuliko yote linahusu mahali. Sikio la prodyuza halizaliwi, linafundishwa, na kwa sehemu kubwa limefundishwa na rekodi za New York, Detroit, London na Berlin, kwenye hedifoni na spika za studio zilizopimwa. Linakuja na mazoea yake: besi isizibe sauti ya mwimbaji, kila chombo kiwe na nafasi yake, pasiwepo mkwaruzo usiokusudiwa. Lipeleke sikio hilo kwenye singeli. Muziki huu wa uswahilini Dar es Salaam, uliokulia katika mchiriku, muziki wa mitaani uliotangulia, na vinanda vya bei nafuu vya Casio vilivyopitishwa kwenye vikuza sauti hadi vikakwaruza, hupita mapigo 200 kwa dakika, na hujirudia kwa kasi ambayo mtu wa studio angeiita fujo. Kwa miaka mingi wapo waliouita muziki wa wahuni usio na ufundi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam, na wasikilizaji wa muziki wa elektroniki Ulaya wakazipokea kwa hamu. Inauma kwamba baadhi yetu tulisubiri sifa za mbali ndipo tukaamini kwamba mle ndani mna utunzi.

Hata hivyo kosa hilo halitokani na kusikiliza kwa undani. Linatokana na kuuliza swali moja, kama sauti ni safi, na kuliacha lingine, kama sauti inafanya kazi pale ilipokusudiwa. Singeli ilitengenezwa ipigwe kwenye vigodoro, yaani sherehe za mtaani, nje, usiku kucha, kwa spika zilizosukumwa hadi mwisho wa nguvu zake, huku mchanaji akipambana na umati. Katika mazingira hayo sauti za juu zenye makali hupenya, na besi ndefu ya mtindo wa Marekani ingejaa uchochoroni na kuyafunika mapigo yaliyo karibu karibu namna hiyo. Prodyuza wa Mburahati anayapima maamuzi yake kwa makini kama wa Detroit. Tofauti ni chumba anachokipigia.

Jambo hili la chumba lina upande mwingine ambao wachambuzi wengi huupita haraka. Ngoma ya chini ya 808 hukaa karibu na hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu ya mkononi haiwezi kuitoa sauti hiyo kwa kiasi cha kutosha. Ndiyo maana prodyuza wa leo huikwaruza besi kidogo kwa makusudi, ili zizaliwe sauti za juu zaidi ambazo simu inaziweza, na ubongo wa msikilizaji ukaijazia besi iliyokosekana. Wimbo mmoja kwenye daladala yenye spika kubwa chini ya viti na kwenye simu sokoni ni nyimbo mbili tofauti, na uchambuzi usiotaja ulisikilizwa wapi umepungukiwa.

Yapo pia madeni ambayo sikio hili hulazimika kuyakiri. Sekunde chache za ngoma zilizopigwa na Gregory Coleman katika "Amen, Brother" ya The Winstons, mwaka 1969, zimetumika katika maelfu ya rekodi za hip hop, na mtindo wa jungle, muziki wa dansi wa ngoma za kasi uliozaliwa Uingereza, usingekuwa kama ulivyo bila hizo. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa chochote kwa matumizi hayo. Wanaozitambua sekunde hizo papo hapo ni wengi, wanaolijua jina la aliyezipiga ni wachache, na hilo ni lawama ya haki kwa kundi ninaloliunga mkono.

Kwetu hali inakwenda kinyume. Majina ya prodyuza wa Tanzania kama Lizer na S2Kizzy tunayajua kwa kuwa hutamkwa mwanzoni mwa nyimbo, lakini ukimwomba shabiki akueleze mdundo wa mmoja unatofautianaje na wa mwingine, wengi hunyamaza. Madai ya prodyuza kwamba yeye ni mtunzi mwenza anayestahili mgawo wa mapato, badala ya malipo ya mara moja ya fundi, hayana nguvu mbele ya umma unaolisikia jina lake na usioisikia kazi yake.