Kifaranga wa sebuleni

Jamani mi nimechoka na hii winta. Na sio baridi, baridi tunamalizana, makoti ninayo, soksi navaa mbili mbili. Shida yangu ni giza. Simu inalia saa kumi na mbili asubuhi, nafungua jicho moja, dirisha jeusi tii, nasema hii simu imechanganyikiwa huu usiku wa manane, narudi kulala, inalia tena. Navaa gizani, natoka gizani, naingia ofisini bado giza, na jioni nikitoka saa kumi na moja jua lishaondoka zamani, yaani limeingia kazini baada yangu na limetoka kabla yangu na hakuna anayeliandikia barua. Mi nikichelewa dakika kumi ni kikao.

Alafu kuna giza lingine la ndani ya mtu. Umekaa kitandani, soksi moja umeshavaa, ya pili iko mkononi, unaiangalia dakika kumi na tano kama barua ya mahakama. Huwazi kitu, umekaa tu. Meseji za watu zinaingia, unazisoma, unazijibu vizuri kabisa kichwani, baadae unashangaa mbona wamenuna. Mi mwanzo nilidhani ni uvivu. Mama watoto yeye hakudhani, alikuwa na uhakika.

Ukimwambia mtu anakujibu jikaze. Jirani jikaze, shemeji jikaze, hata kijana wangu wa miaka tisa naye baba jikaze. Kusema kweli kitu pekee kilichokaza kwangu ni suruali, maana njaa ya winta haitaki mboga, inataka wanga, mkate juu ya mkate na kitu kitamu cha kusindikizia, juzi nainama kufunga viatu kifungo kikaruka, kikagonga mlango wa kabati kikaingia uvunguni, mpaka leo kiko hukohuko, nitakifuataje na kuinama ndo kulikokitoa?

Nikaenda kwa daktari. Akaniuliza unalala? Nikamwambia nalala sana dokta, nikipewa nafasi hata masaa kumi na mbili. Unakula? Nakula kama nimeajiriwa kula. Nikajua hapo ataniambia nenda nyumbani uko fiti. Wapi! Akaandikaaa, akasema hiyo ndo yenyewe. Eti sonona tuliyozoea kuisikia mara nyingi inamnyima mtu usingizi na chakula, hii ya msimu wengi inawafanya kinyume, unalala unaamka umechoka, unakula hushibi, unakimbia watu. Inakuja siku zikifupika inaondoka zikirefuka, mwakani inarudi bila kualikwa kama mgeni aliyepaonja. Aliyeiandika rasmi na kuipa jina mwaka 1984, yeye na wenzake, ni daktari Norman Rosenthal, mtu wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, alipofika winta ya kule nayo ikampiga. Mtu aliyekua na jua mwenyewe ndo anajua utamu wake. Na jina waliloipa kwa Kiingereza, Seasonal Affective Disorder, ukilifupisha linasomeka SAD, yaani huzuni, hapo sijui walikuwa wanatutibu au wanatucheka.

Basi dokta akasema kuna dawa, kuna matibabu ya kukaa na mtaalamu mkazungumza namna unavyowaza na unavyoishi siku zako, na kuna taa. Mi nikadaka taa, maana kuzungumza kunataka nguvu. Akaniuliza kwanza kama nina ugonjwa wa macho, na kama nimewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, silali na sichoki, maana mtu wa hivyo akijiwashia taa hii kiholela inaweza kumrusha. Nikamwambia dokta mimi kuchangamka kidogo tu ningefanya sherehe. Akasema haya, taa ya lux 10,000, lux ndo kipimo cha mwanga, nusu saa kila asubuhi, iwe karibu na uso, macho wazi ila usiikodolee.

Sasa asubuhi nani ana nusu saa? Nikasema mwanga ni mwanga, nitauota usiku nikitoka kazini. Saa tatu usiku nimekaa mbele ya taa nimetulia kabisa, mama watoto kapita, karudi nyuma, kaniangalia, akasema kifaranga wangu umepata joto? Watoto wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini cheko lenyewe lilikuja saa nane usiku, macho yangu makavu kama ya bundi, nasikia friji, nasikia bomba, nasikia jirani anakoroma ukutani. Kumbe mwanga ndo unaoiambia saa ya mwili kumekucha, ukiuwasha usiku umeidanganya, usingizi unasogea mbele, na asubuhi ndo sifufuki kabisa. Nikamsimulia mtu mmoja ofisini, mmoja tu, mchana jengo zima linaniita Kifaranga.

Siku hizi naota asubuhi kama nilivyoambiwa, na wiki mbili zimepita, soksi ya pili inaingia mguuni haraka kidogo. Simpi taa sifa zote, dokta alinisukuma pia nitoke nje mchana hata kukiwa na mawingu. Nikamwambia mawingu yana nini, akasema taa ya sebuleni kwako haifiki hata lux 500, nje na hayo mawingu yako unapata elfu na zaidi. Yaani miaka yote najificha ndani kwenye giza la kulipia bili!

Kuna mji Norway unaitwa Rjukan, uko bondeni, milima imeuziba, karibu nusu mwaka jua haligusi mjini. Mwaka 1928 waliwekewa gari la kamba la kuwapandisha watu mlimani wakaonje jua. Mwaka 2013 wakaona tabu yote ya nini, wakafunga vioo vitatu vikubwa huko juu, vinalifuata jua na kulirusha mpaka uwanja wa katikati ya mji. Watu wameagiza jua! Kwangu kioo pekee ni cha bafuni na chenyewe kina ukungu.

Basi jana saa saba mchana natembea zangu, wingu likapasuka, jua hilo. Mtaa mzima ukasimama. Kuna ukuta mmoja mrefu, watu wote tukaegemea, macho tumefumba, nyuso juu, kama mijusi, hakuna anayemjua mwenzie wala anayeongea. Mara naona usoni pamepoa. Nikasema bila kufumbua macho, ndugu umeniziba. Kimya. Nafumbua, bosi.

Hakusema kitu, akasogea, akaegemea ukuta pembeni yangu akafumba macho. Tukakaa hivyo mpaka wingu likarudi na watu wakaanza kuangalia saa zao. Akafunga koti, akatazama huku na huku, akaniinamia sikioni:

"Kifaranga, hiyo taa yako haiumizi macho?"