Waliopasuliwa Tumeambiwa, Wanaoona Je?

Msimu wa kambi za macho ukifika, picha huwa zilezile. Wazee wamepangwa kwenye mabenchi, kila mmoja ana bandeji nyeupe juu ya jicho moja, na nyuma yao kuna bango lenye nembo za wafadhili. Maelezo chini ya picha yanasema wananchi mia kadhaa wameondolewa mtoto wa jicho bila malipo. Mgeni rasmi anamshika bibi mkono, bibi anacheka. Nami nafurahi, maana mzee aliyekuwa akiongozwa na mjukuu hadi chooni ana haki ya kucheka siku hiyo. Ila habari hizo nazisoma hadi mstari wa mwisho nikitafuta taarifa moja, na bado sijaikuta: bandeji zilipotolewa, wangapi wanaona, na wanaona kiasi gani?

Kulijua hilo hakuhitaji ufundi mkubwa. Mgonjwa anakaa mita 6 kutoka kwenye chati, anafunika jicho moja, anataja herufi. Kama hajui kusoma, anaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Akipata 6/18, maana yake ni kwamba kitu ambacho jicho zima linakiona kutoka mita 18, yeye lazima asogee hadi mita 6. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo: kati ya macho 100 yaliyopasuliwa, angalau 80 yafike 6/18 kwa miwani ambayo mgonjwa anayo (kama hana, basi bila miwani), na yale yanayobaki chini ya 6/60 yasizidi 5. Siku hizi mstari umepandishwa hadi 6/12, na nadhani ni haki, kwa sababu mtu wa 6/18 bado anapishana na jirani barabarani bila kumsalimia halafu anaitwa mwenye maringo.

Mwaka 2021 nchi wanachama wa shirika hilo zilikubaliana kuongeza kwa pointi 30 za asilimia, ifikapo 2030, kipimo kinachouliza swali hasa ninalolitaka: kati ya watu wote katika jamii waliohitaji upasuaji wa mtoto wa jicho, wangapi wamepasuliwa na sasa wanafika 6/12? Aliyepasuliwa akabaki haoni vizuri hahesabiwi na waliofanikiwa. Anabaki upande wa deni, pamoja na yule ambaye hajafika hospitali kabisa. Watafiti walipokusanya mwaka 2022 takwimu za uchunguzi wa watu wa miaka 50 na zaidi kutoka nchi mbalimbali, walikuta Guinea-Bissau, katika uchunguzi wa 2010, ina asilimia 3.8 tu, na Hungary, katika uchunguzi wa 2015, ina asilimia 70.3. Hungary ndiyo iliyokuwa juu kabisa, nayo bado ilikuwa na deni la karibu watu 3 katika kila 10.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipasuliwa katika kambi ya namna hiyo. Kabla ya hapo alikuwa akimimina chai huku ametumbukiza kidole kikombeni ili ajue imefika wapi. Asubuhi ya pili daktari akamwuliza, "Mama, unaona?" Akajibu, "Naona vizuri sana mwanangu, Mungu akuzidishie." Ikaandikwa hivyo kwenye kadi. Na wala hakudanganya. Mwanga ulikuwa umeingia, maua ya kanga yake aliyaona, na aliporudi nyumbani alishika ungo akawa anachagua mchele bila kuacha jiwe. Lakini mtu akisimama mlangoni hakumjua mpaka aongee. Sisi tukasema ni uzee. Miezi ikapita ndipo mpima macho mmoja mjini alipomwekea kioo cha minus 3, cha mtu asiyeona mbali, mbele ya jicho lile lile "lililopona". Akashuka chati mistari minne kwa mkupuo mmoja, kisha akanigeukia na kuniambia nimekonda.

Kilichotokea kinaeleweka kabisa. Mtoto wa jicho ni lenzi ya asili iliyopata ukungu. Daktari anaitoa na kuweka ya bandia, na ya bandia ina nguvu yake, kama ilivyo miwani. Nguvu hiyo hupatikana kwa kupima mkunjo wa konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma. Ukikosea urefu kwa milimita 1 tu, mgonjwa anaishia na kosa la dayopta (kipimo cha nguvu ya vioo) 2.5 hadi 3 hivi. Pasipo na mashine ya kupima, au ikiwepo lakini foleni ni ndefu, lenzi ya namba moja huwekwa kwa kila anayelala mezani. Mwenye jicho la urefu wa kawaida anashukuru. Mwenye jicho refu anabaki na hali ya shangazi.

Kosa hili lina umri sawa na lenzi ya bandia yenyewe. Harold Ridley alipoweka lenzi ya kwanza kabisa, tarehe 29 Novemba 1949 katika hospitali ya St Thomas', London, mgonjwa wake alikuwa mwanamke wa miaka 45. Wazo alilipata kwa marubani wa vita waliokuwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege ndani ya macho, na macho yale hayakuvikataa vipande hivyo. Upasuaji ulikwenda, ingawa lenzi ya kukaa daima iliwekwa mapema 1950. Macho yalipopimwa, mama yule alikuwa na minus 18, na juu yake astigmatizimu (mkunjo wa jicho usiolingana pande zote) ya minus 6. Kwa maneno mengine, upasuaji wa kwanza wa aina hii duniani ungeingia kwenye bango letu kama mafanikio, na mgonjwa angehitaji vioo vizito kama kitako cha chupa. Tunalijua hilo leo kwa sababu jicho lile lilipimwa na namba ikaandikwa, hata ilivyokuwa mbaya.

Kuna utafiti wa Nepal ambao ningependa kila anayepanga kambi ausome. Sanduk Ruit na wenzake waliwagawa wagonjwa 108 kwa bahati nasibu. Nusu walipasuliwa kwa mashine ya bei mbaya inayosaga lenzi kwa mawimbi ya sauti, nusu kwa njia ya mkono, ya kidonda kidogo kisichoshonwa. Matokeo yalichapishwa 2007. Njia ya mkono ilichukua wastani wa dakika 9, ya mashine 15.5. Baada ya miezi 6, kila upande asilimia 98 walifika 6/18 au zaidi walipowekewa miwani inayowafaa. Wengi hunukuu utafiti huu kuonyesha kwamba njia ya bei nafuu haijapitwa, nami nakubali. Lakini angalia namba iliyo pembeni: bila miwani, kundi la mkono lilikuwa asilimia 89 na la mashine 85. Mikono ilikuwa ya mabingwa hasa, na bado kuna watu 9 au 13 katika kila 100 ambao kilichowatenganisha na kuona vizuri ni miwani tu. Sasa niambie ni kambi ngapi umeziona zikirudi na boksi la miwani baada ya wiki sita.

Wanaofanya tathmini hizi hugawa sababu za matokeo mabaya katika mafungu manne, na kila fungu lina mtu wa kuulizwa. Huenda jicho lilikuwa na ugonjwa mwingine tangu mwanzo, kwa mfano presha ya macho iliyokwisha kuua mshipa wa fahamu wa jicho. Huenda upasuaji uliharibika, kifuko kinachoshika lenzi kikapasuka. Huenda miwani haikutolewa. Au kifuko kimepata ukungu baadaye, jambo linalosafishwa kwa leza kwa dakika chache, ilimradi mgonjwa aambiwe kwamba lipo. Ukiandika tu "haoni vizuri" hujui umlaumu nani, na mwakani utarudia yaleyale.

Husemwa kwamba matokeo hayapimiki kwetu kwa sababu wagonjwa hawarudi. Nauli ni kubwa, aliyepona haoni sababu ya kurudi, na ambaye hakupona amekata tamaa. Hoja hii ilikuwa na nguvu hadi 2013, ulipotoka utafiti uliofuatilia hospitali 40 za Asia, Afrika na Amerika ya Kilatini. Walipima uoni siku chache za mwanzo kabla mgonjwa hajaruhusiwa, wakapima tena baada ya siku 40 au zaidi, wakienda hadi majumbani kwa wasiorudi. Hospitali zilizofanya vizuri katika kipimo cha mapema ndizo kwa kiasi kikubwa zilizofanya vizuri katika kile cha baadaye. Kwa hiyo anayetaka kujua kazi yake ikoje anaweza kuanza na chati ya kesho yake asubuhi, mgonjwa akiwa bado wodini.

Na kuna mambo ambayo daktari mmoja hawezi kuyaona hata awe makini namna gani, mpaka wengi wahesabu pamoja. Maambukizi ndani ya jicho baada ya upasuaji hutokea kwa wachache mno. Mtu anaweza kupasua mamia bila kukutana nayo akaamini njia yake ni salama. Huko Ulaya waliunganisha wagonjwa zaidi ya 16,000 kutoka nchi 9, ndipo ikaonekana kwamba dawa ya cefuroxime ikidungwa ndani ya jicho mwisho wa upasuaji hupunguza maambukizi hayo karibu mara tano. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba mapema 2006 waliacha kuandikisha wagonjwa wapya kabla ya muda.

Kwa wenzangu vijana wanaoniuliza kuhusu LASIK, upasuaji wa leza wa kurekebisha konea, wakitaka kutupa miwani kabla ya harusi, mambo yamegeuka kichwa chini. Huku chati inacheka na mgonjwa ndiye ananung'unika. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishiriki kufanya tafiti mbili zilizochapishwa 2017, moja kwa askari wa jeshi la majini na nyingine kwa raia. Zaidi ya asilimia 95 waliridhika na uoni wao. Hata hivyo, kati ya waliokuwa hawana kabisa dalili za kusumbua kabla ya upasuaji, asilimia 43 katika utafiti mmoja na 46 katika mwingine walisema miezi 3 baadaye kwamba wamepata angalau dalili moja mpya: duara za mwanga kuzunguka taa usiku, miale, kivuli, kuona kitu mara mbili. Wapo pia waliokuwa na dalili hizo na miwani yao, zikaondoka. Na waliosumbuliwa kiasi cha kushindwa shughuli zao hawakufika asilimia 1. Mimi kilichonishika zaidi ni kingine: watu hao walizitaja dalili kwenye dodoso zaidi ya mara mbili ya walivyozitaja kwa wahudumu wao uso kwa uso.

Kama Mmarekani aliyezoea kudai haki yake anamficha daktari, utategemea nini kwa bibi aliyepasuliwa bure, ambaye kwake kulalamika mbele ya aliyekusaidia ni utovu wa adabu? Ndiyo maana naona anayepima asiwe aliyepasua, na maswali yasiwe "unaona?" Yawe ya shughuli. Unawatambua watu mlangoni? Usiku unatembea peke yako? Noti ya elfu tano na ya elfu kumi unazitofautisha bila kuuliza? Chati peke yake ingempitisha kijana wa LASIK asiyeweza kuendesha gari usiku, na shukrani peke yake ilimpitisha shangazi yangu.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi chumba cha upasuaji ananipinga. Anasema tukianza kutangaza matokeo ya kila hospitali, madaktari watachagua macho mepesi. Mzee aliyekaa na mtoto wa jicho mpaka amekomaa na kuwa mweupe pe, au mwenye presha ya macho juu yake, ataambiwa arudi mwezi ujao kila mwezi. Hofu yake ni ya kweli na silipuuzi. Jicho lisiloona hata mkono likiishia 6/60 limempa mwenyewe uwezo wa kwenda shambani, na kwenye jedwali linasomeka ni aibu. Jibu langu ni kwamba fomu iandike jicho liliingiaje, si namna lilivyotoka tu, na magumu yahesabiwe kwenye safu yao. Yeye anasema fomu za sasa zenyewe hazijazwi. Hapo tumekwama, tumebishana jioni nzima bila kukubaliana, isipokuwa jambo moja: pesa zinazolipia bango, fulana na chakula cha mgeni rasmi zingetosha kumlipa mtu mmoja arudi kijijini wiki ya sita na chati, tochi na boksi la miwani.