Kemia ya kidato cha nne

Nilipochagua HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza kidato cha tano, sikujua kwamba najifungia mlango. Kwetu Tanzania, uuguzi huanzia kwenye matokeo ya kidato cha nne: huna Biolojia, Kemia na Fizikia, hata ukae na wagonjwa wa akili miaka kumi, wewe ni mtu wa ustawi wa jamii tu. Kazi hiyo niliifanya nyumbani, nikaja kuiendeleza hapa Texas: kusikiliza watu, kujaza fomu, kuwahangaikia mahali pa kulala. Dawa waliandika wengine. Leo naziandika mimi, nesi wa magonjwa ya akili.

Wamarekani hawakuniuliza nilipata nini nikiwa na miaka 16. Walitaka shahada, haidhuru ya nini, halafu anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na takwimu. Nilizisoma usiku nikiwa na miaka 38, darasa moja na vijana wanaoniita mama. Ikafuata miezi 16 ya shahada ya uuguzi, mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX, kisha uzamili wenye angalau saa 500 za kuwaona wagonjwa chini ya msimamizi, na mtihani mwingine. Mkopo usiniulize. Na bado hapa Texas siandiki dawa bila mkataba na daktari. Mwenzangu aliyehamia Arizona anajitegemea.

Wenzangu waliotokea kwenye ushauri nasaha hulalamika kwamba lazima waanzie uuguzi wa kawaida: "Mimi nataka kutibu akili, vidonda na mashuka vya nini?" Nililalamika hivyohivyo, mpaka mzee mmoja aliponinyamazisha. Nilimfahamu tangu zamani, anatumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi. Siku hiyo mikono ilimtetemeka hadi kahawa ikamwagikia suruali. Nikaanza yangu: mkewe kaondoka, hana usingizi, ni wasiwasi. Nesi mzoefu akamtazama anavyochechemea, akauliza, "Goti hilo unalimezea nini?" Ibuprofeni, wiki nzima. Kumbe inazifanya figo zichelewe kuitoa lithiamu, ikawa inamjaa kwenye damu. Alipimwa siku hiyohiyo. Mimi ningemaliza saa nzima naongelea ndoa yake.

Kwa hiyo anayetaka kuruka wodi aende moja kwa moja kwenye kuandika dawa, mimi simo.

Ninachokikosa hapa ni shangazi. Kwetu mgonjwa haji peke yake. Shangazi atakwambia ameacha kula tangu lini na nani kamuudhi. Hapa anakaa mwenyewe kwenye kiti, na kumpigia kaka yake kwa kawaida nasubiri kwanza asaini. Ila shangazi huyohuyo ndiye atakayetangaza mtaa mzima kwamba katoka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, na kazi ya kijana ndiyo basi tena.

Juzi mdogo wangu, naye afisa ustawi wa jamii, kaniandikia: "Dada, na mimi naweza?" Nikamuuliza Kemia alipata nini. F. Angekuwa huku ningemwambia ajiandikishe masomo ya jioni. Nimemwambia akaulizie fomu za mtahiniwa wa kujitegemea, arudie mtihani wa Kemia wa kidato cha nne, ana miaka 34. Hajajibu.