Kozi ya bure, video ya dakika moja na ushuru wa sodo

Mwezi Juni 2024 Wakenya wengi walisoma sheria ya ushuru bila kuingia darasani. Mswada wa Fedha wa mwaka huo, uliolenga kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi, uliandikwa kwa lugha ambayo hata wakili huirudia mara mbili. Vijana waliukatakata. Kifungu baada ya kifungu kilielezwa kwenye TikTok kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, mijadala ya sauti kwenye X ikakesha, na ikaundwa programu ya akili mnemba ya kujibu maswali kuhusu mswada wenyewe. Hakuna aliyelipa karo wala aliyetunukiwa cheti. Juni 25 wabunge walipitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni, na kesho yake Rais Ruto, ambaye mtaani alikwishabandikwa jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, akakataa kuutia saini.

Masomo ya bure ya mtandaoni yaliyotangazwa kwa vifijo hayajawahi kufika hapo. Coursera na edX, majukwaa ya kozi za vyuo vikuu, zilianza 2012, hii ya pili ikiwa mradi wa MIT na Harvard, na matumaini yalikuwa kwamba kijana wa Kisumu angesikiliza mhadhara uleule anaousikiliza wa Boston. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019 ulipekua data ya kozi za vyuo hivyo viwili. Zaidi ya nusu ya waliojisajili hawakuwahi kuingia katika kozi, waliomaliza mwaka wa masomo 2017/18 walikuwa kama asilimia 3 tu, na wanafunzi wengi walitoka nchi tajiri. Mwaka 2021 edX iliuzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800. Miaka mitatu baadaye kampuni hiyo ikakimbilia mahakamani kwa sababu ya madeni.

Sipendi jinsi asilimia hiyo 3 inavyotumiwa kama rungu. Anayefungua kozi ya tabianchi ili aelewe soko la kaboni, akaelewa, kisha akaondoka, hajafeli chochote. Miongoni mwa waliolipia cheti, karibu nusu walimaliza.

Isitoshe, darasa la TikTok lina upungufu ambao mashabiki wake hawapendi kuugusa, na mfano mzuri umo ndani ya mswada uleule. Ilikuwemo tozo ya mazingira, ambayo ingetozwa bidhaa zinazoacha taka sugu: matairi, simu, kompyuta, betri, nepi na sodo, yaani taulo za hedhi. Msingi wake ni kwamba mchafuzi alipe, na haukuwa mgeni Kenya. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 tayari inamtwika mzalishaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutupwa, na tangu Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kila mama mboga anajua kwamba taka inaweza kukupeleka kortini.

Kwenye video ya dakika moja, yote hayo yalibaki maneno matatu: ushuru wa sodo. Si uongo. Kwa msichana anayekosa shule kila mwezi kwa kukosa sodo, bei ndiyo hoja ya kwanza na haki yake aisemee. Lakini maswali ya pili hayakupata nafasi. Simu na betri zinazoishia jaa la Dandora, gharama yake anaibeba nani leo? Je, pesa za tozo zingeenda kuzoa taka, au zingemezwa na deni la taifa? Juni 18 wabunge walitangaza kwamba bidhaa zinazotengenezwa nchini, sodo na nepi zikiwemo, zingesamehewa tozo hiyo. Video zilizorekodiwa kabla ya hapo hazikuwa na njia ya kujisahihisha.

Kozi ndefu ndiyo ingefaa hapo. Jukwaa la Umoja wa Mataifa la UN CC:Learn linafundisha tabianchi bure na kutoa cheti bila malipo, na OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza imekuwepo tangu 2006. Huko mtu anaelezwa kwa utulivu kwa nini mchafuzi alipe. Shida ni kwamba kozi nyingi za aina hii ni za Kiingereza na mifano yake ni ya mbali, hivyo mwanafunzi anahitimu akiijua kanuni bila kujua ni kifungu gani cha sheria ya kwao kinachoigusa.

Kuna tofauti nyingine, nzito zaidi. Baadhi ya waliokuwa sauti za mitandaoni mwezi ule walitekwa nyara, na makumi ya watu waliuawa katika maandamano. Siku ya Juni 25 intaneti ilizorota nchini, kampuni zikasema ni hitilafu ya nyaya za baharini. Hakuna anayefuatwa usiku kwa sababu amemaliza wiki ya nne ya kozi ya Coursera. Usalama huo ni faida, ila kwa kiasi fulani unatokana na kwamba kozi yenyewe haimgusi mwenye mamlaka yeyote.

Nikilazimishwa kuchagua, nachukua video yenye makosa inayozungumzia kifungu halisi, kwa sababu mtu akishajua kifungu kinamhusu atarudi kutafuta kilichobaki. Ila sioni kwa nini tulazimishwe. Kalenda inajulikana: Mswada wa Fedha hufikishwa bungeni kufikia mwisho wa Aprili na hupaswa kupitishwa kufikia Juni 30, na Katiba, Kifungu cha 118, inalitaka Bunge lishirikishe umma. Hiyo ni miezi miwili. Kozi ya wiki sita kwa Kiswahili, inayopitia mswada wenyewe na kusahihishwa kila kamati inapobadilisha kifungu, inaenea humo na wiki mbili zikabaki za kuandika maoni.