Paa si nyumba

Makala moja niliyoisoma inasema picha za setilaiti na za ndege sasa zinatosha kuchora ramani ya mji mzima bila mtu kutia mguu mtaani. Kazi hiyo ya kuchora ramani naipenda sana, lakini hapo sikubaliani na mwandishi.

Chukua setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo picha zake hutolewa bure. Nukta moja ya picha, hata kwenye zile kali kuliko zote, hufunika mita 10 kwa 10 za ardhi. Humo zinaweza kuingia nyumba ndogo mbili, uchochoro na mti, vyote vikageuka rangi moja. Kwa kuona mji unavyotanuka mwaka hadi mwaka zinafaa mno, na Landsat za Marekani zina kumbukumbu tangu 1972, hazina kubwa kweli. Kuhesabu nyumba ni jambo jingine.

Hata picha ya ndege inayoonyesha mpaka kivuli cha nguzo ya umeme, huona paa tu. Nimewahi kuhakiki mipaka ya majengo iliyochorwa na kompyuta: bati moja refu, ikaandikwa jengo moja. Tulipofika pale tulikuta milango sita, kila mmoja na familia yake, ndoo zimepangwa nje. Kwenye mpango wa maji au chanjo, familia tano zingekuwa zimefutika.

Kwa hiyo fedha za picha ziende pamoja na nauli za watu wa kupita mlango kwa mlango, na wakazi waulizwe wenyewe vichochoro vyao vinaitwaje.