Kuziba pengo la ajira kwa tarehe za uongo

Kuna makala ambayo mwandishi wake anamshauri mtu aliyekaa miezi kadhaa bila kazi asogeze tarehe kwenye wasifu wake ili pengo lisionekane, eti hakuna anayefuatilia. Sikubaliani kabisa. Nimefanya kazi ya kupitia maombi ya ajira, na tarehe ndizo tunazoanza nazo tukimpigia simu mwajiri wa zamani: aliingia lini, akatoka lini, alikuwa na cheo gani. Wengi hujibu hayo tu, basi, kwa hiyo hapo ndipo uongo unapodakwa kirahisi. Nimeshuhudia barua ya ajira iliyokwisha kusainiwa ikifutwa kwa sababu hiyo, na mwombaji alikuwa ameshaacha kazi yake. Akakosa huku na kule. Wala usidhani ukishaingia umepona. Marilee Jones, mkuu wa udahili wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, alijiuzulu mwaka 2007 ilipobainika kuwa alidanganya kuhusu shahada zake tangu alipoajiriwa mwaka 1979, ingawa kazi yake ilikuwa ikisifiwa sana. Pengo lenyewe linaelezeka kwa sentensi moja: nilikuwa namuuguza mzazi, kampuni ilipunguza watu, nilirudi masomoni. Kigumu zaidi, ambacho makala haikugusa, ni pale unapoulizwa kwa nini unaondoka kwa mwajiri wa sasa na sababu ni bosi mwenyewe. Kumsema vibaya kunakuharibia, kudanganya sitaki. Wenzangu, nyinyi huwa mnajibu vipi hapo?